Kukohoa Mbele ya Mkwe

Jumamosi, tarehe 14 Juni 1997, Mjimwema, Njombe. Asubuhi njiani barafu ilikuwa imelala juu ya majani ya viazi, nyeupe kama chumvi, na ukungu haukuinuka mpaka saa nne. Mchana jua lilitoka lakini halikuwa na joto.

Naandika habari hii kwa ajili ya mtu mmoja anaitwa Shomari, dereva wa lori pale Makambako. Jumatano alikuja hapa nyumbani, akakaa karibu na jiko la mkaa, akashika kikombe cha chai bila kunywa. Halafu akaniuliza:

"Baba Tito, nasikia wewe ulikatwa pafu. Na mimi wanataka kunikata. Wanasema watatoa kipande, kingine watakiacha. Hicho wanachokiacha kinafanya kazi, au wanakuachia tu ili kifua kisiwe kitupu?"

Nikamjibu haraka, "Kinafanya kazi, usiogope." Kisha nikajisikia vibaya. Sikumdanganya, lakini jibu lilikuwa fupi mno kwa swali lile. Tena tangu mwezi wa nne nilikuwa nasikia filimbi upande wa kushoto nikilala, na pumzi imepungua, na sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu Oliva. Basi nikamwambia Shomari asubiri. Ijumaa nakwenda hospitali ya Ikonda, kule Makete, kupigwa picha ya kifua. Nikirudi nitamwandikia yote, yawe mazuri au mabaya, mwanawe amsomee kama macho yake hayaoni vizuri.

Mimi nimeishia darasa la saba. Nina madaftari niliyokuwa naandika wakati naumwa, lakini mengine yamelowa na mengine siuelewi mwandiko wangu mwenyewe. Nikikosea mahali, anayejua anisahihishe.

Ugonjwa ulianza mwaka 1994, wakati watu wanapalilia mahindi. Nilikuwa Makambako, naendesha mashine ya kusaga ya Bwana Hamadi, mfanyabiashara aliyetoka pwani. Miaka hiyo mashine za watu binafsi zilikuwa zinaota kama uyoga. Zamani tulisaga kwenye ya kijiji, na ikiharibika mnakula makande mwezi mzima. Nilisaga kuanzia asubuhi hadi giza, nyusi nyeupe, nywele nyeupe, watoto wananiita babu. Wengi wamesema vumbi la unga ndilo lililoniua kifua. Sijui. Nilivuta sigara pia, zile zisizo na kichungi, tangu nina miaka kumi na saba. Na nimelelewa kwenye jiko la kuni lisilo na dirisha. Sitaki kuisingizia mashine ya mtu aliyenilisha.

Kilikuwa kikohozi cha kawaida. Kikawa cha wiki, kikawa cha mwezi. Wakati wa ulanzi, mianzi inapogemwa na kila mtu ana furaha, mimi nikinywa kikombe kimoja nakohoa mpaka wenzangu wanasogeza viti. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata nikaona damu kwenye kitambaa. Nikakikunja, nikakitia mfukoni, nikaendelea kusaga.

Zahanati walisema TB. Siwalaumu. Mtu amekonda, anakohoa damu, anatoka jasho usiku, hata mimi ningesema TB. Nikachomwa sindano kila siku kwa miezi miwili, makalio yakawa magumu kama ubao. Ndipo nilipoanza daftari, kwa sababu muuguzi aliniambia nihesabu, nisije nikaruka siku. Sindano zikaisha, vidonge vikaendelea, mkanda wangu nikautoboa matundu matatu mapya kwa msumari. Oliva alinitengea kikombe na sahani. Alifanya hivyo kwa kuwalinda watoto, na alikuwa sahihi, lakini siku ya kwanza nilipokiona kile kikombe peke yake juu ya kabati nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba.

Picha ya Ikonda ndiyo iliyosema si TB. Daktari alinionyesha kivuli upande wa kushoto, juu, karibu na katikati. Akaandika barua ya kwenda Dar es Salaam.

Bwana Hamadi alinitafutia nafasi mbele kwenye lori lake lililokuwa linapeleka viazi, mimi na mdogo wangu Gaspari. Alinipa na mto, akasema, "Weka kifuani, barabara ina mashimo." Mto ule ninao mpaka leo.

Kwenye ile hospitali kubwa nilijifunza benchi. Unafika saa kumi na moja alfajiri, unakaa, mbele anaitwa mmoja, wote mnasogea kitako kimoja, unakuta mbao bado ina joto la mwenzako. Joto la Dar nalo. Sisi wa baridi tunalowa tu kama tumemwagiwa maji. Mzee mmoja wa Singida aliniona nahema, akachukua bahasha yake ya picha ya kifua akaanza kunipepea nayo, yeye mwenyewe mgonjwa. Hatukuambizana majina. Alipoitwa aliniachia nafasi yake ukutani, mahali pa kuegemea. Wiki mbili za benchi, wiki moja ya vipimo, kimojawapo ni mpira wenye taa unaoingizwa kooni. Huo sitauelezea. Shomari, unapita, unaisha, basi.

Daktari aliyenipasua alikuwa mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alichora kwenye karatasi mti uliopinduliwa, shina juu, matawi chini.

"Saratani yako imekaa hapa, kwenye njia panda," akasema. "Njia rahisi ni kutoa pafu lote la kushoto. Rahisi kwangu. Kwako wewe unayeishi kule juu, kwenye milima na hewa nyepesi, si rahisi. Kwa hiyo nitakata sehemu ya juu pamoja na kipande cha hiyo njia ya hewa, kisha nitashona njia ya chini iungane na shina. Sehemu ya chini ya pafu utabaki nayo."

"Itashika?"

"Kushona ni kazi yangu. Kushika ni kazi yako. Ukiamka utakohoa. Inauma, utakohoa. Usipokohoa makohozi yatakaa pale pale nilipounga, pafu litalala, na lisipoamka nitarudi ndani nilitoe lote. Umenielewa?"

Nilisema ndiyo. Nikasaini karatasi mbili, moja ya kukata kipande, moja ya kutoa lote ikilazimu.

Siku mbili kabla ya kupasuliwa, Gaspari akaanguka na malaria. Sisi tukishuka pwani mbu wanatupokea kama wageni wa heshima. Akawa anatapika nyumbani kwa ndugu tuliyefikia kwake, hata jina lake mwenyewe hajui. Wauguzi wakasema siwezi kuingia chumba cha upasuaji bila ndugu wa kunihudumia baadaye, kuniosha, kunilisha, kunikalisha. Simu ikapigwa dukani kwa Bwana Hamadi, ujumbe ukafika Njombe. Oliva alikuwa na mimba ya miezi minane. Wazazi wangu marehemu, dada yangu yuko mbali Songea.

Aliyekuja ni mama yake Oliva, kutoka kijiji cha Yakobi. Mkwe wangu.

Hapa inabidi nieleze, maana Shomari ni mtu wa pwani. Kwetu, kwa tuliolelewa kama mimi, mkwe wa kike hamtazamani. Ukimwona njiani unaingia shambani, na yeye anageukia upande mwingine. Huli mbele yake. Huvui shati mbele yake. Kutema mate mbele yake ni tusi kubwa kuliko la mdomo. Watu wasiojua wanadhani ni woga au chuki. Ni heshima, tena inachosha, lakini mtu akiniambia niiache sitajua nianzie wapi. Nilikuwa nimemwoa Oliva miaka kumi na moja, na sura ya mama yake sikuwa naijua vizuri. Nilijua kanga zake na mwendo wake.

Aliingia wodini na kikapu, kanga imefunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Akachukua kigoda, akakaa kunipa mgongo, akaanza kusema na ukuta.

"Mwambieni mgonjwa kwamba Oliva anamsalimu. Watoto wazima. Uji huu ni wa ulezi."

Hakukuwa na mtu wa kuniambia. Kitanda cha jirani alikuwapo kinyozi wa Temeke, Athumani, kijana mwenye mdomo. Akanong'ona:

"Mzee, huyu mama anaongea na nani?"

"Na mimi. Ni mkwe wangu."

"Mmegombana?"

"Hapana. Tunaheshimiana."

Athumani akamtazama mama, akanitazama mimi. "Haya. Mimi na wa kwangu tunagombana, lakini walau tunaonana."

Nilipasuliwa Jumanne. Ninachokumbuka ni taa, halafu kiu, halafu maumivu ambayo sijayaona kabla wala baada. Ubavu mzima wa kushoto ulikuwa kama mlango uliong'olewa bawaba. Mrija ulitoka kifuani ukaingia kwenye chupa chini ya kitanda, na kila nikihema ile chupa inatoa povu. Muuguzi wa zamu, dada mmoja wa Tanga anaitwa Mwanaidi, akanikalisha, akaniwekea mto wa Bwana Hamadi ubavuni.

"Kumbatia huo, uvute pumzi, ukohoe, uteme humu," akanipa kopo.

Nilijaribu. Kifua wazi, bandeji, mate yananitiririka. Na pale, hatua mbili, ule mgongo wa kanga. Nikatoa kikohozi kidogo cha kanisani, nikameza.

"Ndiyo nini hiyo?" Mwanaidi akasema. "Makohozi unayafuga? Unataka uyauze Krismasi?"

Nikasema nitafanya baadaye. Na nilikuwa nafanya. Mama akitoka kwenda kuchukua maji ya moto, nakohoa kwa nguvu zote nilizonazo, natema, nafunika kopo. Akirudi nanyamaza. Makohozi yakija nameza au nayazuia kooni mpaka machozi yananitoka. Mama naye, nadhani, kwa kunistahi, alitoka mara chache, maana kila akinyanyuka alilazimika kupita mbele ya kitanda changu na mimi niko uchi nusu. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake, na pafu linazama katikati. Wakati ule sikuona ujinga wowote. Nilijiona ninavumilia.

Daftari langu la siku ile ya pili lina mstari mmoja tu, umeandikwa kwa mkono wa mtoto: Leo nimeshika adabu, kifua kizito.

Siku ya tatu wakaleta mashine ya picha pale pale kitandani. Jioni daktari akaja na picha, akaiinua kwenye dirisha. Upande wa kulia mweusi, ndiyo hewa. Upande wa kushoto mweupe wote.

"Limelala," akasema. "Mshono wangu ni mzima, lakini juu yake kuna kizibo cha makohozi. Kwa nini hukohoi? Maumivu?"

"Ndiyo, daktari."

Maumivu yalikuwapo, kwa hiyo sikusema uongo kamili. Lakini ulikuwa uongo.

"Kesho saa nne napiga picha nyingine. Nikikuta hivi narudi ndani. Mara hii sitaacha kitu." Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka, nami nilimwonea huruma, kazi nzuri aliyoifanya kwa saa nyingi mimi naiharibu kwa kumeza mate.

Alipoondoka Athumani akajiinua kwa kiwiko. "Dada Mwanaidi, njoo nikwambie. Huyu hakohoi kwa sababu ya mama yule. Nimemchunguza siku mbili. Mama akitoka, anakohoa kama gari bovu linapanda mlima. Mama akirudi, kimya kama maiti. Samahani, mzee, lakini kesho watakukata tena na mimi sitalala kwa kelele zako."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanaidi akanitazama. "Kweli?"

Nikalifunika kopo kwa kiganja.

Akageukia mama. "Mama, basi itabidi ukae nje, ili huyu apumue."

Mama alisimama. Akachukua kikapu chake, akaenda mpaka mlangoni. Pale akasimama, nikasikia anauliza, na safari hii hakuuliza ukuta:

"Nikikaa nje, nani atamshika?"

"Mama, mimi nina wagonjwa thelathini na mwenzangu mmoja. Nitakuja nikipata nafasi."

"Utapata nafasi?"

Mwanaidi akatazama vitanda vingine. Hakutaka kusema uongo. Ndipo mama aliporudi. Akaweka kikapu chini, akageuza kigoda, akakaa kunielekea. Akaishusha kanga mpaka mabegani. Nikafumba macho.

"Fumbua," akasema. "Baba Tito, fumbua."

Nikafumbua. Alikuwa na sura ya Oliva, imezeeka, na alama ndogo kidevuni.

"Heshima yako nimeiona miaka kumi na moja. Imenitosha. Sasa nipe makohozi."

"Mama, siwezi."

"Unadhani mimi naweza? Tazama mikono yangu." Kweli ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa. "Nikirudi kwa Oliva na maiti yenye adabu, nitamwambia nini?"

Akamuuliza Mwanaidi namna ya kushika. Akapanda nyuma yangu kitandani, akaweka mkono mmoja mgongoni na mwingine juu ya mto, pale penye kidonda, akabana. Mkwe wangu. Mwili wangu wote ulikataa, Shomari, si kwa maumivu. Nilikuwa nalia, naye akasema karibu na sikio langu, "Kohoa, mwanangu." Nikakohoa. Sijui ilitoka wapi sauti ile. Nikatema kwenye kopo, yeye akalichukua, akaangalia ndani.

"Meusi. Bado."

Tulifanya hivyo jioni ile mpaka taa zilipopunguzwa, na Mwanaidi akamruhusu alale chini ya kitanda changu kinyume cha taratibu. Alfajiri tukaanza tena. Athumani alikuwa anahesabu kwa sauti kama refa wa ngumi, mpaka mgonjwa wa kona akamwambia afunge mdomo. Karibu na saa mbili kikatoka kitu kama kamba, kigumu, chenye damu kavu, urefu wa kidole changu. Baada yake nikavuta pumzi, na hewa ikaingia mahali ambapo kwa siku tatu haikufika. Ilikuwa ya baridi. Najua hewa ya Dar haina baridi, lakini ndivyo nilivyosikia.

Picha ya saa nne ilikuwa nyeusi nusu, kijivu nusu. Daktari aliitazama, akanitazama. "Nani kafanya kazi hii?"

Nikamwonyesha. Mama alikuwa amesharudisha kanga kichwani na kugeukia ukuta.

Nilitolewa mrija siku ya saba, nyuzi wiki ya pili, nikarudi Njombe mwanzo wa mvua. Ningependa kuishia hapo, lakini Shomari aliuliza kwa haki na lazima nijibu kwa haki.

Wakati mama yake ananibana kifua Dar es Salaam, Oliva alijifungua kabla ya siku zake. Damu ilimtoka nyingi, majirani wakambeba kwenye kitanda cha kamba mpaka hospitali. Alipona, na mtoto alipona, ni yule Agata anayechezea mkaa hapa ninapoandika. Lakini binti hujifungua mama yake akiwa karibu, na wa Oliva hakuwapo. Miezi mingi hakusema kitu. Siku moja tukiwa tunamenya mahindi akasema, "Mama alikuwa mmoja, sisi tulikuwa wawili." Akachukua hindi jingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma mama yake aje. Nimeandika hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanisafisha.

Baba mkubwa wa Oliva kule Yakobi aliposikia, aliita kikao. Sikumchukia. Alisema mila si shati, huvui kwa sababu ya joto. Nikatoa kuku, akachinjwa, tukanawa mikono, mimi kwenye beseni langu na mama kwenye lake, yakaisha. Mimi nilidhani kuku yule alikuwa wa kutufungulia njia, tuwe kama mama na mtoto. Kumbe alikuwa wa kuifunga tena. Tangu siku ile mama akiniona njiani anageuka kama zamani, nami naingia shambani. Wakati mwingine, nikiwa nimesimama kati ya mahindi ya watu nasubiri apite, najisikia mpweke kuliko pale wodini. Lakini sijasikia mama akilalamika, na huenda yeye ndivyo anavyopumzika.

Kuhusu mwili. Mkono wa kushoto hauinuki kuzidi bega mpaka niusaidie. Chini ya chuchu pamekufa ganzi, ukinichoma mwiba sisikii. Sauti yangu imebaki na mkwaruzo, kanisani siimbi tena, nafungua mdomo tu. Kwenye mashine sikurudi. Bwana Hamadi alinipa kukaa kwenye mizani yake ya hapa Njombe, mbali na vumbi, na watu wakinitania kwamba napima magunia kwa sababu siwezi kuyabeba, wanasema kweli. Mwaka wa kwanza, kutoka sokoni mpaka nyumbani nilipumzika mara sita. Kulikuwa na jiwe, mti wa mwati, ukuta wa shule, na kadhalika, nayajua yote kama vituo vya njia ya msalaba.

Basi, jana Ijumaa nikawa Ikonda. Foleni ni ndefu, watu wametoka mpaka Mbeya na Iringa. Nilikaa benchi toka asubuhi mpaka saa nane, na ile filimbi yangu. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa hata nimeshapanga nitakavyomwambia Shomari: ulipouliza kama kinafanya kazi, kilifanya miezi ishirini.

Daktari alibandika picha tatu pamoja kwenye kioo chenye taa. Ile ya Dar, ya mwaka jana, na ya jana. Akasikiliza mgongo wangu kwa kile kipimo cha masikioni, muda mrefu, akaniambia niheme, nisiheme. Nikamwambia habari ya filimbi.

"Pale walipounga pamebana kidogo," akasema. "Kovu. Baridi ikija linakaza, ndiyo filimbi yako. Saratani sioni. Na hiki kipande cha chini," akagusa picha kwa kidole, "unaona? Kimekua kikajaza nafasi. Kinapumua."

"Kitaendelea?"

"Leo kinapumua. Urudi baada ya miezi sita."

Hilo ndilo jibu, Shomari. Kinafanya kazi, kwa kipimo chake, na kila baada ya miezi sita unakwenda kuuliza tena. Mimi ningekubali kukatwa tena kwa bei hiyo hiyo, lakini nasema kwa ajili yangu, siwezi kusema kwa ajili ya Oliva. Wewe ukikubali, kabla hujasaini fikiria nani atakaa karibu na kitanda chako. Kama kuna mtu huwezi kukohoa mbele yake, mwambie muuguzi mapema. Mimi sikusema, karibu ninyang'anywe nilichoachiwa.

Leo basi la kutoka Makete limetushusha saa nane. Pale stendi mama mmoja alikuwa anauza viazi, nikanunua debe, debe la kuishia mdomoni, bila kilemba cha kurundika juu, nikaliweka begani la kulia, nikapanda nalo mpaka Mjimwema. Nilimwambia Oliva nimepumzika mara mbili. Kweli ni tatu. Mara ya tatu niliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Alilitazama debe, akanitazama mimi, akasema, "Nani kakubebea?"

"Mimi."

Akanusa shati langu mgongoni, lilikuwa limelowa jasho, akaniamini. Nikamwambia yote aliyosema daktari, na filimbi pia. Akanigomba sana kwa ile filimbi, kumficha miezi miwili. Kisha akaenda kumenya.

Mama yuko hapa tangu jana, alikuja kulala na watoto nilipokuwa safarini. Amekula jikoni na Oliva na Agata, mimi na Tito tumekula sebuleni. Viazi vya kuchemsha, vingi, mchicha wa kukaanga na kitunguu, na chai ya rangi.